Mtoto Asiyeshtuka Akiitwa: Mwongozo kwa Wazazi wa Dar Wenye Vijana Nyumbani na Walio Geto

Jioni moja ya mwisho wa Shaabani nilisimama uani kwetu Kimara, nikamwita mwanangu wa kwanza aje tuutazame mwezi. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alitoka chumbani amekunja uso, akasimama mlangoni, akauliza, "Nimefanya nini tena, mama?" Mwezi aliutazama, akarudi ndani. Mimi nikabaki uani na lile neno lake, "tena".

Leo ana miaka ishirini na minne na amepanga chumba Tabata. Wa pili, binti, amemaliza kidato cha sita. Wa mwisho, mvulana, yuko kidato cha pili. Haya ninayoyaandika nimeyajaribu kwa hao watatu, na mengine niliyajua baada ya kukosea. Kijana anayeitwa kwa kosa, kwa kutumwa na kwa kuhojiwa tu, huzoea kuukimbia wito. Akishazoea, atakukimbia hata siku unapomwitia jambo la heri. Kazi yote iliyomo humu ni kuurudishia wito wako heri yake.

Hatua ya kwanza: andika kila unapomwita

Chukua kidaftari. Kwa wiki moja, kila unapomwita kijana wako au kumpigia simu, andika neno moja tu la sababu: kutuma, kugomba, shule, pesa, chakula, au bure. "Bure" ni pale ulipomwita bila kutaka kitu wala kumkosoa. Wiki hiyo usibadilishe chochote, ishi kama kawaida yako. Mimi wiki yangu ya kwanza nilijaza kurasa mbili, na "bure" ilikuwa moja: nilimwita aone paka wa jirani alivyozaa kwenye ndoo yetu.

Wiki ya pili, usihangaike kupunguza kumtuma. Nyumba lazima iendeshwe, na mtoto anayetumwa dukani hadhuriki. Ongeza wito mmoja wa bure kila siku. "Njoo uonje, chumvi imekaa?" "Leo Yanga wanacheza saa ngapi?" "Hebu msikilize huyu mtangazaji." Kisha uishie hapo. Usimalizie na "ukitoka hapo osha vyombo". Nakuhakikishia ulimi utawasha. Uzuie, vyombo vitaoshwa baadaye kwa wito wake.

Usitarajie shukrani. Wiki mbili za mwanzo atakuja na ule uso wake, akingoja useme kilichokufanya umwite. Mwache angoje mpaka ajue kwamba hakuna.

Hatua ya pili: tafuta muda wenu ndani ya jiji hili

Wengi tunaambiwa tutenge saa nzima kila siku kwa ajili ya watoto. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa tatu usiku baada ya foleni, hiyo saa ataitoa wapi? Na mtoto naye ameachwa kituoni na daladala tatu kwa kuwa nauli ya mwanafunzi haimvutii konda. Wote wawili mnafika nyumbani mmekwisha.

Kwa hiyo usitafute muda mpya. Angalia ni wapi tayari mko pamoja, halafu pafanye pawe penu. Kwangu mimi na wa mwisho ni zile dakika kumi za kutembea gizani mpaka kituo cha mwendokasi. Na binti ni kusuka. Shule nyingi zinataka nywele fupi, kwa hiyo alipokuwa shule tulikuwa tunangojea likizo. Ikifika, alikuwa anakaa mkekani, mimi kwenye kiti, kichwa chake magotini kwangu, saa mbili au tatu. Nywele hizo zimenipa habari nyingi kuliko vikao vyote nilivyowahi kuitisha sebuleni. Na kaka yao, enzi zile bado yuko nyumbani, ilikuwa kwenda Feri Jumamosi asubuhi kununua samaki. Njia nzima mpaka Kivukoni tumekaa tunatazama mbele, na yeye akisema.

Hilo la kutazama mbele lina maana. Kijana huona wepesi kusema pale macho yenu hayakutani na mikono ina kazi. Kukuna nazi, kuchambua mchele, kukunja nguo, kuosha pikipiki. Kwa akina baba, kwenda pamoja na mwanao kwa kinyozi au kurudi naye kwa miguu kutoka msikitini au kanisani kunatosha kabisa. Kumweka mtoto kwenye kochi, wazazi wawili mmemkabili, hiyo tayari ni mahakama hata kama mlikusudia kumsifia.

Jambo la usingizi nalo halina budi kusemwa. Kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala, na umri huo wenyewe humchelewesha kusinzia usiku. Sasa anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri awahi gari. Mengi tunayoyaita kiburi ni mtoto ambaye hajalala. Mazungumzo mazito usiyaanzishe baada ya saa tatu usiku, na Jumamosi mwache alale.

Hatua ya tatu: badilisha maswali

"Shule vipi?" "Poa." "Umekula?" "Ndiyo." Hapo mmeshamaliza. Swali kubwa na la kila siku halimpi pa kushika. Uliza kidogo, uliza kitu: "Leo konda aliwapakia?" "Mwalimu gani alikuja na hasira?" "Yule rafiki yako aliyehama, mnaongea bado?"

Na wewe utangulie kutoa. Watoto wetu wamelelewa kwa hadithi za ushindi wetu tu, jinsi tulivyotembea maili nyingi kwenda shule bila viatu. Jaribu kumwambia, "Leo mteja amenifokea mbele za watu nikashindwa kumjibu, mpaka sasa roho inaniuma." Mwanangu wa mwisho nilipomwambia hivyo alinyamaza muda, kisha akasema naye kuna mwalimu humwita jina baya mbele ya darasa. Nilikuwa nimemuuliza "shule vipi" mwaka mzima.

Elewa pia kwamba habari ya rafiki mara nyingi ni kipimo. Binti yangu akiwa kidato cha tatu aliniambia, "Mama, kuna msichana darasani kwetu ana mimba." Ulimi wangu ulikuwa na jibu tayari: unaona sasa, ndiyo maana kila siku nakwambia. Nililimeza. Nikasema, "Maskini. Anaendeleaje?" Akasema yule binti analia, anadhani shule imekwisha. Nikamwambia haijaisha, kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha masomo kwa ajili ya uzazi warudi darasani baada ya kujifungua. Alishangaa kwamba ninajua, na zaidi kwamba nimelisema bila kufoka. Wiki chache baadaye alikuja na jambo lake mwenyewe.

Akishaanza kusema, usimkatize kwa mawaidha. Muulize, "Nikusikilize tu, au unataka na neno langu?" Akisema usikilize tu, basi sikiliza. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Hatua ya nne: tunza siri kama amana

Hapa ndipo wazazi wengi tunapowapoteza watoto, nami nimo. Lile jambo aliloniletea binti yangu lilikuwa la mvulana aliyempenda. Nililipokea vizuri. Siku mbili baadaye nikamsimulia mdogo wangu kwa simu, tukicheka kwa mapenzi tu. Kwenye harusi ya ndugu yetu, mama yake mdogo akamtania kwa jina la yule kijana, mbele ya mabinamu. Mwanangu hakulia wala hakununa. Alirudi kwenye "poa", na akakaa huko karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo, akikuletea jambo:

Weka chini ulichoshika. Mwambie, "Ahsante kwa kuniambia." Hata kama ni baya, na hasa kama ni baya.

Hasira ikipanda, mwambie, "Nimekusikia. Nipe mpaka kesho asubuhi nitulie, tutaendelea." Na kesho asubuhi wewe ndiye umwendee. Usipokwenda, atajua ulikuwa unamkwepa.

Muulize, "Hili ni letu wawili, au na baba ajue?" Kama lina hatari na lazima mtu mwingine ahusishwe, mwambie kwanza: "Hili siwezi kulibeba peke yangu. Nitamwambia mtu mmoja, na utajua ni nani kabla sijamwambia."

Nyumba zetu zina kuta nyembamba na madirisha yanayotazamana. Usilisimulie kwa simu ukiwa ndani, usilipeleke vikoba, usilifikishe kwenye jumuiya hata kwa nia ya kumwombea. Dua ya jambo lake iombe peke yako.

Hatua ya tano: simu

Hili nitalipitia haraka, kwa sababu naona wazazi tunalipa nguvu nyingi kuliko linavyostahili. Shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo likizo ikifika mtoto anaitumia kama mwenye njaa. Elewaneni kabla likizo haijaanza, si siku umeshakasirika. Wa miaka kumi na minne, simu ilale sebuleni, na ya kwako ilale hapohapo karibu na yake. Wa miaka kumi na tisa, namba ya siri yake haikuhusu. Kupekua kwa kificho kuna kasoro hii: utakachokikuta huwezi kukizungumza bila kukiri kwamba ulipekua. Pekua pale tu unapohofia uhai au usalama wake, na umwambie umefanya hivyo.

Picha yake usiiweke kwenye status bila kumuuliza, hata ya mahafali. Kundi la familia la WhatsApp usilijaze jumbe za kusambazwa, mpaka watoto walizime. Mimi hutuma sauti ya nusu dakika, mara mbili kwa wiki, ya habari ndogo za nyumbani. Huwa wanaisikiliza.

Hatua ya sita: aliyemaliza shule na yuko nyumbani

Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, matokeo hutoka Januari, na anayechaguliwa kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi mingi ya kijana mwenye nguvu kukaa ndani. Wa kidato cha sita wana kungoja kwao. Na aliyemaliza chuo bila kazi hajui hata anangoja mwezi gani. Huyu ndiye aliye karibu sana na kupotea kwako, ingawa mnalala nyumba moja.

Adui hapa ni masimango. "Unakula, unalala." "Mtoto wa mama fulani ameshaajiriwa." Maneno hayo yanamtoa ndani saa mbili asubuhi na kumrudisha saa tano usiku, na katikati hapo kijiwe ndicho kinachomlea. Huko atakuta wa kumfundisha kubeti, na ukisikia habari za mkeka, yaani tiketi ya kubeti, usianze na kugomba. Muulize wiki hii umeingiza ngapi na umetoa ngapi, muandike pamoja.

Mpe madaraka, si kumtuma tu. Binti yangu anashika umeme na genge. Jumatatu nampa shilingi 50,000 za mboga, mkaa na LUKU za wiki, naye anapanga. Simuulizi risiti ya nyanya. Wiki ya pili fedha ziliisha Alhamisi, tukala maharage siku tatu, hakuna aliyemsema. Wiki ya tatu zilibaki.

Mpe pia posho yake ndogo yenye siku maalumu, hata 5,000 kwa wiki. Kijana anayelazimika kuomba vocha, nauli na hela ya kunyoa kila mara, kila akikuona anaiona shida yake. Mazungumzo yenu yote yanageuka ya kuomba na kunyimwa.

Habari za kutafuta kazi mziwekee siku moja. Kwetu ni Jumapili jioni. Siku hiyo namuuliza ametuma maombi wapi na nimsaidie nini. Siku sita zilizobaki silitaji. Kuulizwa kila siku "umepata?" ni kukumbushwa kila siku kwamba hujapata.

Hatua ya saba: aliyehamia geto

Piga simu kabla ya kwenda, na uipige kabla hujapanda gari. "Nipo nje ya geti" ni ukaguzi. Nenda na hotpoti la wali na kitu chake, kaa palipo na pa kukaa, na usiseme kitu kuhusu godoro lililo chini. Ukikuta kandambili za kike mlangoni, umeziona, basi. Akitaka kukutambulisha kwa mwenye kandambili atafanya hivyo, ila si siku uliyomfanya ajitetee. Kaa saa moja, uondoke wakati bado anatamani ukae.

Kama yuko chuo mkoani, siku hizi ni rahisi kuliko zamani. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, mzazi wa Dar alipata njia ya kumtembelea mwanawe wa UDOM Jumamosi, wakala pamoja mchana, akarudi zake.

Sasa pesa. Mwana akianza kupata mshahara, simu zetu hubadilika bila sisi kujua. Salamu fupi, kisha "tuma na ya kutolea". Baada ya miezi michache jina "Mama" likitokea kwenye kioo anakunja uso uleule wa miaka kumi na sita. Nimeweka utaratibu: nikipiga kwa shida, neno la kwanza baada ya salamu ni "leo nimepiga kwa shida, baba." Nisipolisema, hakuna ombi litakalofuata, hata dakika ya mwisho. Na kama anachangia nyumbani, kubalianeni kiasi na tarehe, atume mwenyewe bila kukumbushwa. Mwezi asipotuma, ngoja aseme yeye.

Hatua ya nane: mtafutie mtu mzima mwingine

Huku kwetu Pwani, mwari hakufundwa na mama aliyemzaa. Alikuwa na somo wake, alikuwa na kungwi. Mvulana alikuwa na mjomba, na babu na bibi walikuwa watani ambao mjukuu aliweza kuwaambia lolote kwa kisingizio cha utani. Wazee walijua kuna mambo hayapiti kwa mzazi. Sisi tumehamia Kimara na Bunju, ndugu wametawanyika, tukataka kuwa kila kitu kwa watoto wetu.

Mteue mtu mmoja mwenye busara na mdomo mzito, ambaye unamfahamu kwa miaka na mtoto anampenda. Ongea naye kwanza. Kisha mwambie kijana, "Likikushinda kuniambia mimi, mwambie mjomba. Sitamuuliza mlichoongea." Na kweli usimuulize. Mwanangu wa kwanza alipata matatizo ya chuo mwaka wa pili, nililijua miaka miwili baadaye, likiwa limeshakwisha. Iliniuma kwamba hakuniambia mimi. Lakini alikuwa na pa kwenda.

Kuomba radhi

Ule mwaka wa "poa" uliisha hivi. Mimi na binti yangu tulikuwa tunakunja nguo. Nikamwambia, "Nilimwambia mama yako mdogo jambo ulilonipa mimi. Halikuwa langu kulitoa. Niwie radhi, mwanangu." Sikuweka "lakini". Sikumwambia kwamba na yeye alikosea, wala sikumtaka aseme amenisamehe. Alijibu, "Sawa, mama," akaendelea kukunja. Miezi mingine ikapita kabla hajanieleza kitu tena, na cha kwanza kilikuwa kidogo sana, cha kunipima. Nilikitunza.

Wapo wanaosema mzazi akiomba radhi heshima inashuka. Watoto wangu bado wananipa shikamoo, na sasa wakiitoa wananitazama usoni.

Pale mazungumzo hayatoshi

Kijana akiacha kula au kulala kwa wiki kadhaa, akagawa vitu vyake, akasema afadhali asingekuwepo, usingoje. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, kwa kuwa kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Kwa aliyenaswa na heroini, kliniki ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Kwa ukatili au kunajisiwa, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, kwa hiyo mwandikie mahali atakapoiona.

Kama ameshakata mawasiliano

Wapo wanaosoma hapa ambao kijana wao hapokei simu. Usimpigie mara kumi kwa siku, na usimtumie wajumbe. Chagua siku moja ya wiki, mfano Ijumaa, umtumie ujumbe mfupi usio na swali, usio na lawama, usiohitaji jibu. "Leo nimepika mihogo ya nazi, nimekukumbuka." "Mwembe wa babu umezaa mwaka huu." Ijumaa ijayo tuma mwingine. Ukiona ameusoma, usimuulize kwa nini hajajibu.